Stesheni ya Kyoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wageni wa Kyoto na wapenzi wa reli huyarudia kila msimu. Mengi yana chanzo kimoja: jengo linaloonekana kuwa stesheni moja kwa kweli limebeba stesheni nne za wenye mali wanne tofauti. Anayelishika jambo hili mapema ataona historia, tiketi, majukwaa na hata mizigo iliyopotea vinaeleweka bila shida.

## Mambo ya msingi

Stesheni ya Kyoto iko wapi, na ni mali ya nani?

Iko kusini ya katikati ya jiji. Upande wa kaskazini inatazamana na barabara ya Karasuma, na upande wa kusini imepakana na barabara ya Hachijo. Majina hayo mawili ndiyo majina ya pande zake za kutokea, nayo yafaa kukaririwa kabla ya kufika. Upande wa Karasuma una mabasi ya jiji, mnara na njia ya kuelekea mahekalu mengi. Upande wa Hachijo una Shinkansen (treni ya mwendo kasi), treni za Kintetsu na mabasi mengi ya masafa marefu.

Kuhusu umiliki, treni za kawaida za JR (Reli za Japani) zinaendeshwa na JR West, na Shinkansen inaendeshwa na JR Central. Njia ya kwenda Nara iliyo upande wa kusini ni ya kampuni ya Kintetsu, na treni ya chini ya ardhi ni ya Jiji la Kyoto. Mgawanyo kati ya kampuni mbili za JR ulitokea tarehe 1 Aprili 1987, Shirika la Reli la Taifa lilipovunjwa na kuzaa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo. Kintetsu haikuwa sehemu ya shirika hilo, kwa hiyo ina malango, tiketi na wafanyakazi wake yenyewe. Ukimwuliza ofisa wa lango la JR kuhusu tiketi ya Kintetsu, atakuelekeza kwa adabu upande wa pili wa jengo.

Je, Shinkansen inasimama hapa hapa, au kuna stesheni nyingine iliyojengwa kwa ajili yake?

Inasimama hapa hapa. Swali hili lina msingi, kwa sababu huko Osaka Shinkansen haifiki stesheni ya Osaka bali inasimama Shin-Osaka. Kyoto haina mgawanyo huo, na treni zote za Shinkansen ya Tokaido, yaani Nozomi, Hikari na Kodama, husimama. Kutoka Tokyo, Nozomi huchukua takriban saa 2 na dakika 15. Kutoka Kyoto hadi Shin-Osaka ni kama dakika 15 tu.

Je, kuvuka kutoka kaskazini hadi kusini kunahitaji tiketi?

Hapana. Upande wa magharibi wa jengo, ghorofa ya pili, kuna njia pana ya wazi inayounganisha Karasuma na Hachijo, na kuna njia nyingine chini ya ardhi. Makosa ya kawaida ni kupita kwenye lango la tiketi kwa kudhani ndiyo njia ya mkato (tazama swali la mwisho wa sehemu ya tiketi).

## Historia

Stesheni ilifunguliwa lini?

Ufunguzi rasmi ulifanyika tarehe 5 Februari 1877 mbele ya Mfalme Meiji, njia kutoka Kobe kupitia Osaka ilipokamilika hadi Kyoto. Reli ya kwanza ya Japani, kati ya Shimbashi jijini Tokyo na Yokohama, ilikuwa imeanza mwaka 1872, na kipande cha Osaka hadi Kobe kilifuata mwaka 1874. Mwaka 1876 treni zilikuwa tayari zinaishia kwenye stesheni ya muda pembeni mwa jiji, na ndiyo maana baadhi ya vitabu hutaja mwaka huo. Njia nzima ya Tokaido, kutoka Tokyo hadi Kobe, iliunganishwa mwaka 1889.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba treni za kwanza zilizotoka Kyoto kuelekea mashariki hazikupita zinapopita leo. Zilizunguka kusini kupitia Inari ili kuepuka milima ya Higashiyama. Njia fupi ya handaki ilifunguliwa mwaka 1921, na kipande cha zamani hadi Inari kikaachiwa njia ya Nara. Anayeshuka Inari leo kwenda kwenye hekalu la malango mekundu anaweza kuona kibanda kidogo cha matofali cha kuhifadhia taa, kilichobaki tangu enzi ile. Watu wengi hukipita bila kukitazama, jambo la kusikitisha kidogo, kwani stesheni kuu yenyewe haina jengo la umri huo.

Kwa nini husemwa kwamba jengo la sasa ni la nne?

Jengo la kwanza lilikuwa la matofali mekundu. Idadi ya abiria ilipoongezeka, jengo la pili lilijengwa kusini kidogo na kufunguliwa Agosti 1914. Lilikuwa la mbao kwa mtindo wa Renesansi wa Ulaya, na mbunifu wake alikuwa Setsu Watanabe. Liliharakishwa kwa ajili ya sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Taisho, ambazo kwa desturi zilipaswa kufanyika Kyoto. Mjane wa Mfalme Meiji alifariki Aprili 1914, sherehe zikaahirishwa hadi Novemba 1915, na stesheni ikawa tayari kabla ya shughuli yenyewe. Kutawazwa kwa Mfalme Showa mwaka 1928 nako kuliacha alama: mwezi huohuo wa Novemba ilifunguliwa njia ya umeme ya kwenda Nara ambayo leo ni ya Kintetsu.

Jengo hilo la mbao liliteketea kwa moto tarehe 18 Novemba 1950. La tatu, la zege na lenye mnara mfupi, lilifunguliwa mwaka 1952 wakati ambapo nchi ilikuwa ikijijenga upya kwa fedha za kubana. Halikusifiwa kwa uzuri, lakini ndilo lililopokea Shinkansen tarehe 1 Oktoba 1964. Likafuatwa na jengo la sasa la mwaka 1997.

Ni kweli kwamba watu wengi walikufa katika msongamano hapa?

Ni kweli. Tarehe 8 Januari 1934 watu 77 walipoteza maisha yao kwenye ngazi za daraja la abiria, umati mkubwa ulipokuja kuwaaga vijana walioitwa kujiunga na jeshi la majini.

Nani alilibuni jengo la sasa, na kwa nini lilizua ubishi mkubwa?

Mbunifu ni Hiroshi Hara, ambaye pia alibuni jengo la Umeda Sky la Osaka. Alishinda katika shindano lililowaalika wabunifu saba, wakiwemo Tadao Ando, Kisho Kurokawa, Bernard Tschumi na James Stirling. Mradi ulihusishwa na maadhimisho ya miaka 1,200 tangu Kyoto ilipofanywa mji mkuu mwaka 794. Maadhimisho yenyewe yaliangukia 1994, ilhali jengo lilifunguliwa kwa awamu mwaka 1997, kukiwa na ukumbi wa stesheni mwezi Julai, kisha hoteli, duka kubwa na ukumbi wa maonyesho mwezi Septemba.

Ubishi ulihusu kimo, urefu na sura. Kyoto haikuharibiwa na mabomu ya Vita vya Pili kama miji mingine mikubwa ya Japani, na wakazi wengi waliuona mji wao kuwa amana ya mahekalu na paa za chini. Jengo la Hara lina kimo cha karibu mita 60 na urefu wa mita 470, na liliruhusiwa kupita kikomo cha kawaida cha eneo lile. Viongozi wa mahekalu walipinga, na wakazi walilalamika kwamba ukuta wa kioo na chuma ungeutenga upande wa kusini na jiji lililobaki. Waliolitetea walijibu kwamba ukumbi wake wa kati, ulio wazi pande mbili na kupanda kama bonde lenye miteremko, unawapa watu nafasi ya kukaa bila kununua chochote.

Kwa maoni ya mwandishi, pande zote mbili zilikuwa na hoja. Ukitazama kutoka mtaani, jengo ni zito na halina ukarimu. Ukiwa ndani, ni vigumu kupata ukumbi wa stesheni unaomwacha mtu apumzike kwa uhuru kiasi kile. Ubishi wenyewe haukupotea bure, kwani mwaka 2007 jiji lilikaza sheria za mandhari na kushusha kimo kinachoruhusiwa katikati ya mji hadi mita 31.

Wasomaji wanaolijua jina la Kyoto kutokana na Itifaki ya mabadiliko ya tabianchi watapenda kujua kwamba mkutano uliozaa itifaki hiyo ulifanyika Desemba ya mwaka huohuo wa 1997. Ukumbi wake uko kaskazini mwa jiji, mwisho wa njia ya treni ya chini ya ardhi inayotoka stesheni, na kipande cha kufika huko kilikuwa kimefunguliwa miezi michache kabla.

Na ule mnara mweupe ulio mbele ya stesheni?

Ni Mnara wa Kyoto, wenye mita 131, uliofunguliwa Desemba 1964. Si sehemu ya stesheni. Ulipingwa vikali kabla ya jengo la Hara kupingwa.

Je, tramu ya kwanza ya umeme nchini Japani ilianzia hapa?

Ilianzia karibu na stesheni, tarehe 1 Februari 1895, ikaelekea Fushimi upande wa kusini. Umeme wake ulitokana na maji ya mfereji wa Ziwa Biwa, ambao kituo chake cha kuzalisha umeme pale Keage kilianza kazi mwaka 1891. Tramu za jiji zilifungwa kabisa mwaka 1978, na mwaka 1981 treni ya chini ya ardhi ya Karasuma ikaanza kazi kutoka stesheni kwenda kaskazini. Mabasi ndiyo yaliyorithi mzigo mkubwa wa tramu, na foleni za leo (tazama swali la mabasi) zinaanzia hapo.

## Njia na majukwaa

Kwa nini kuna jukwaa 0 lakini hakuna jukwaa 1, na kwa nini namba zinaruka hadi 30?

Upande wa JR, majukwaa yana namba 0, kisha 2 hadi 10, kisha 30 hadi 34, na Shinkansen inatumia 11 hadi 14. Reli namba 1 ipo, ila hupitwa na treni za mizigo na haina jukwaa. Jukwaa 0 na jukwaa 30 zimeungana kwa mstari mmoja wenye urefu wa mita 558, na ni miongoni mwa majukwaa marefu zaidi Japani. Kintetsu, kwa upande wake, wana majukwaa yao 1 hadi 4. Basi mwenyeji akikuambia "jukwaa la kwanza" huenda anamaanisha Kintetsu.

Hili si jambo la udadisi tu. Kutoka lango la Shinkansen hadi majukwaa ya 30 na kuendelea ni mwendo wa kuvuka jengo zima kisha kuelekea magharibi. Mwenye mizigo au watoto ajitengee dakika 15.

Nichukue treni gani kwenda wapi?

Kwa Osaka, treni ya haraka ya JR isiyotozwa nyongeza hufika kwa takriban nusu saa, na hakuna haja ya Shinkansen isipokuwa unaendelea mbele ya Osaka. Kwa Otsu na Maibara, panda treni za Biwako. Kwa ufuo wa magharibi wa Ziwa Biwa, tumia njia ya Kosei iliyofunguliwa mwaka 1974. Arashiyama hufikiwa kwa njia ya Sagano kutoka majukwaa ya 31 hadi 34, na utashuka Saga-Arashiyama. Treni za Inari, Uji na Nara huondokea majukwaa 8 hadi 10.

Hekalu la Fushimi Inari linahitaji onyo dogo. Inari ni stesheni ya pili tu kutoka Kyoto, lakini treni za haraka za kwenda Nara hazisimami hapo. Panda inayosimama kila stesheni.

Kwenda Nara, JR au Kintetsu?

Inategemea unakwenda kuona nini. Stesheni ya Kintetsu mjini Nara iko karibu zaidi na bustani ya wanyama aina ya paa na hekalu la Todai-ji. Treni yao yenye nyongeza ya nauli huchukua kama dakika 35, viti vikiwa vya kuchagua. Treni ya haraka ya JR huchukua kama dakika 45, haina nyongeza, na inafaa kwa mwenye pasi ya JR au anayetaka kusimama Uji njiani. Pasi ya JR haikubaliki Kintetsu.

Uwanja wa ndege wa Kansai unafikiwaje?

Treni ya Haruka huondoka jukwaa 30 na kufika kwa takriban dakika 75 hadi 80 bila kubadilisha. Kuna pia basi la moja kwa moja. Basi ni afadhali kwa mwenye masanduku mengi, ila foleni za barabarani haziwezi kukisiwa.

Je, bado kuna treni ya moja kwa moja hadi Kanazawa?

Hapana. Tangu Machi 2024 treni ya Thunderbird huishia Tsuruga, na hapo abiria huhamia Shinkansen ya Hokuriku. Vitabu vingi vya mwongozo bado vinaeleza utaratibu wa zamani.

Upana wa reli hapa unafanana na wa Afrika Mashariki?

Chini ya paa hili kuna vipimo viwili. Treni za kawaida za JR hutumia reli za milimita 1,067, kipimo kilekile cha TAZARA. Shinkansen, Kintetsu na treni ya chini ya ardhi hutumia milimita 1,435, sawa na SGR za Kenya na Tanzania. Kwa sababu vipimo vyao vinalingana, treni za Kintetsu na za jiji zimekuwa zikiingiliana njia tangu 1988. JR ya kawaida haiwezi kufanya hivyo hata ingetaka.

## Tiketi, kadi na mizigo

Kwa nini nimepewa tiketi mbili kwa safari moja?

Moja ni ya nauli ya masafa, nyingine ni ya nyongeza ya treni ya kasi. Kwenye lango la Shinkansen ziingize zote pamoja. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, na walio chini ya miaka 6 husafiri bure, wawili kwa kila mtu mzima anayelipa, mradi hawakalii viti vilivyowekwa nafasi.

Kadi ya ICOCA inatumika wapi?

Hii ni kadi ya JR West ambayo unaiwekea fedha na kuigusisha langoni, na 500 kati ya yeni unazolipa ni amana. Inakubaliwa kwenye JR ya kawaida, Kintetsu, treni ya chini ya ardhi, mabasi na maduka mengi, hivyo inaficha vizuri ule mgawanyo wa kampuni nne. Ina mipaka miwili. Haitoshi kwa Shinkansen bila kujisajili kwanza katika huduma ya tiketi ya mtandaoni. Tena huwezi kuingia nayo Kyoto na kutokea Tokyo kwa treni za kawaida, kwa kuwa maeneo ya kadi ni tofauti.

Sanduku kubwa linaruhusiwa kwenye Shinkansen?

Linaruhusiwa kwa sharti. Jumlisha urefu, upana na kina. Ikiwa jumla inazidi sentimita 160 na haivuki 250, weka nafasi ya kiti chenye sehemu ya mzigo mkubwa, bila malipo ya ziada. Asiyefanya hivyo anaweza kutozwa yeni 1,000. Chini ya sentimita 160 hakuna sharti.

Mizigo naweza kuiacha wapi?

Kuna makabati ya kufunga pande zote mbili, na muda wake wa juu kwa kawaida ni siku tatu. Msimu wa maua ya mcheri na wa majani ya vuli hujaa asubuhi mapema, hivyo kaunta yenye wahudumu ni uhakika zaidi. Kaunta hiyo pia hupeleka mizigo hadi hotelini siku hiyohiyo. Wageni wengi hawaitumii, na matokeo yake huonekana ndani ya mabasi.

Nimepita lango lisilo langu, au nataka tu kumsindikiza mtu hadi jukwaani.

Aliyepita kwa makosa aende kwenye dirisha la ofisa, si kwenye mashine, kwa sababu mashine haitamfungulia atokee stesheni ileile. Msindikizaji anunue tiketi ya jukwaa, ambayo kwa JR West hudumu saa mbili.

## Ndani na jirani ya jengo

Kuna nini cha kuona bila malipo?

Ngazi kuu ndiyo jibu la kwanza. Ina vidato 171 na hupanda katika upande wa magharibi wa ukumbi, sambamba na ngazi za umeme, hadi bustani ya juu ya paa. Jioni taa za LED huchora picha juu ya vidato, na kila mwaka hufanyika mashindano ya kuipanda mbio. Mita 45 juu ya ardhi kuna njia ya kutembea kwa miguu chini ya paa la kioo, inayovuka ukumbi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mandhari ya mnara kutoka hapo ni safi, na watu ni wachache kwa namna ya kushangaza.

Chakula kinapatikana wapi?

Duka kubwa la Isetan, maduka ya chini ya ardhi ya Porta na mkusanyiko wa migahawa ya rameni (supu ya tambi) katika ghorofa ya 10 ndiyo maeneo makuu. Msomaji Mwislamu azingatie kwamba mchuzi wa rameni mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama nyama inayoonekana ni ya kuku, na sosi huweza kuwa na pombe ya mchele. Aulize kabla ya kununua tiketi ya chakula kwenye mashine.

Mpenzi wa reli aende wapi?

Jumba la Makumbusho ya Reli la Kyoto, lililofunguliwa Aprili 2016 pale Umekoji, stesheni moja tu kwa njia ya Sagano. Lina banda la duara la injini za mvuke la mwaka 1914, ambalo ni rika la jengo la pili la stesheni lililoungua.

Foleni ya mabasi ni ndefu. Kuna njia nyingine?

Ipo karibu kila mara. Kwa mtaa wa Gion na hekalu la Kiyomizu, panda JR kwenda Tofukuji, stesheni ya kwanza njia ya Nara, kisha hamia treni za kampuni ya Keihan. Kwa hekalu la Kinkaku-ji, panda treni ya chini ya ardhi hadi Kitaoji, ndipo uchukue basi. Hekalu la To-ji na mahekalu mawili ya Hongan-ji yanafikika kwa miguu. Ukipanda basi la kawaida la jiji, ingia mlango wa nyuma na ulipe unaposhuka mbele.

## Hali zisizo za kawaida

Nimepoteza kitu. Niulize wapi?

Kwanza kumbuka ulikipoteza ndani ya treni ya nani, kwa sababu kila mmoja wa wenye mali wanne ana ofisi yake ya vitu vilivyookotwa, mbali na maduka na mabasi. Taja saa, namba ya behewa na upande uliokaa. Vitu visivyochukuliwa baada ya muda hukabidhiwa polisi. Treni nyingi zinaendelea mbali, hivyo simu iliyosahauliwa kwenye Nozomi inaweza kuokotwa Hakata, mwisho wa njia upande wa magharibi, na utaelekezwa kuifuata au kutumiwa kwa gharama yako.

Nimekosa treni ya mwisho.

Shinkansen haitembei kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Treni za kawaida husimama muda mfupi baada ya saa sita usiku na kurudi kama saa kumi na moja alfajiri, na jengo haliruhusu mtu kulala ndani. Mabasi ya usiku ya kwenda Tokyo huondoka pande zote mbili. Ya JR yako Karasuma, na ya kampuni nyingine nyingi yako Hachijo. Soma tiketi yako kabla hujachagua upande, kwani basi halitakusubiri uvuke.